Presi Isiyolazwa

Sogeeni karibu, watu wa Mikelenge, na nyinyi mliovuka kutoka Alunguli wekeni mizigo yenu chini. Nina neno, na neno lenyewe ni chungu. Mwenye sikio la kupenda maneno matamu tu, njia ya sokoni ni ile pale. Nitasema juu ya nyumba moja mnayoijua, na nitaitaja kwa majina, maana tukificha majina kila mtu atadhani ninamsema jirani yake.

Msimu wa ngazi ukifika, matunda ya michikichi yakiwa mekundu, parsele ya Clémentine, nyumba na uwanja, ilikuwa inaamka mbele ya parsele zote za avenyu ile. Ngazi zilitokota ndani ya pipa, moshi ukapita juu ya paa la jiko, na wanawake wakaingia mmoja mmoja na mabeseni kichwani, kila mmoja na ngazi zake na maneno yake. Katikati ya uwanja ilisimama presi ya kukamulia mawese: nguzo mbili nene, mti mmoja wa juu uliozishika pamoja, na skrubu kubwa ya chuma iliyoteremka katikati. Wanawake wawili walishika mpini wakazunguka nao, na mafuta mekundu yakatiririka juu ya bati mpaka ndani ya bidoni, dumu la mafuta. Clémentine alikaa kwenye kigoda akichuja, akisikiliza umbea, akimkaripia huyu na kumchekea yule. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake, na hakuwa anatafuta nyingine.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Germaine, mdogo wake, aliyeolewa na Sumaili kwenye parsele ya jirani. Germaine hakuweza kuzungusha mpini bila kumchokoza shemeji yake. Alimuita Florentin, mume wa Clémentine, aje aone kama chuma chake kimezeeka kuliko yeye, na Florentin akatoka na nyundo mkononi, akazunguka presi, akagonga nguzo, akatega sikio. Mti una sauti, alikuwa akisema. Mti mzima unakujibu, mti mgonjwa unanyamaza. Germaine akamuambia basi amgonge na mke wake asikie kama bado ni mzima, na uwanja wote ukaangua kicheko.

Presi ile haikununuliwa mahali popote. Florentin aliitengeneza mwenyewe wakati wa vita, angali kijana wa shule. Wazee wenzangu mnakumbuka. Waasi walikuwa ndani ya mji, Mai-Mai walikuwa wameuzunguka, gari moshi lilikuwa limekufa juu ya reli, na aliyetoka kwenda shambani hakujua kama atarudi. Shule ya ufundi aliyokuwa akisoma ikafungwa, walimu wakatawanyika, mabenchi yakawa kuni. Watu walikuwa na michikichi michache ndani ya mji, lakini ngazi walizikamua kwa mikono, mafuta yakapatikana ya kupaka kidole. Kijana akaenda kwenye mabehewa yaliyoachwa, akafungua ile skrubu, akatafuta mti mgumu, akaanza. Alikosea, akavunja, akaanza upya, na makosa yale yalimuachia makovu mikononi ambayo anayo mpaka leo.

Baba yake alikuwa mchonga mitumbwi wa Lualaba, na kwa baba yake alijifunza jambo ambalo fundi wa kwetu halisahau. Mtumbwi mpya haupandwi na mtu siku unapomalizika. Unajazwa mchanga mpaka ukingoni, unafungwa kwenye maji mafupi, unaachwa hivyo mpaka kunakucha. Asubuhi fundi anakwenda kuutazama. Ukiwa umepasuka, umepasukia mchanga. Ukiwa mzima, hapo ndipo mtu anatia mguu. Tunasema mtumbwi umelazwa. Florentin akafanya vilevile kwa presi yake. Aliibana na mawe mpaka ikalia, akawafukuza watu uwanjani, akaiacha ilale. Ya kwanza ilivunjika peke yake, ikarusha vipande mpaka kwenye ukuta wa jiko, na hakuna aliyeumia. Ya pili ndiyo hiyo mliyoijua. Mtaa ukapata mafuta katika siku za njaa, na tangu hapo watu hawakumuita Florentin tena. Walimuita Ingénieur.

Clémentine alikutana naye palepale. Alikuwa msichana aliyekuja na ngazi kichwani na Germaine mgongoni. Mama yao alikuwa amefia msituni walipokimbia, na mtoto akabaki kwake. Alimlea kwa mafuta ya presi ile na mihogo ya kuomba. Watu walidhani ni mtoto wake wa kuzaa, na mwishowe alichoka kuwasahihisha.

Vita ikanyamaza, miaka ikapita, Ingénieur akawa baba wa watoto na mvi zikaanza kumchungulia. Shuleni hakurudi. Jina alikuwa nalo, cheti hakuwa nacho, na kila walipopita vijana wa chuo na vitabu vyao aliwafuata kwa macho mpaka mwisho wa avenyu. Clémentine aliona jambo hilo akaliacha, maana ni kidonda kilichoachwa na vita, na yeye hakuwa na dawa yake.

Sasa sikilizeni ugonjwa ulivyoingia nyumbani, maana haukuingia na pombe wala wanawake. Uliingia na mtoto wa shule. Elodie, binti yao wa kwanza, alikuja na mchezo ambao mwalimu wa fizikia aliwaonyesha darasani. Si mchezo wa kuweka ndani ya simu. Unafungua ukurasa wa intaneti, na wenyewe uko pale. Unapewa mbao, magurudumu, kamba, na kapi ya kupitishia kamba. Upande huu kuna mpira mwekundu, upande ule kuna sanduku. Kazi yako ni kuunda mashini itakayofikisha mpira ndani ya sanduku. Ukibonyeza, mashini yako inaanza kutembea. Ikianguka, unabonyeza tena, na kila kitu kinasimama kama kilivyokuwa. Ukifaulu, nyota zinawaka, na maneno yanatokea kwa herufi kubwa: BRAVO, INGÉNIEUR.

Elodie alijifunza humo namna wenzo unavyonyanyua mzigo, akafaulu mtihani wake, akauacha mchezo. Mchezo wenyewe, msinielewe vibaya, hauna kosa. Ila jioni ile baba yake alimuomba simu ajaribu, akajaribu, mpira ukaingia sandukuni, naye akasoma yale maneno. Akayasoma tena. Clémentine alikuwa anachagua mchele pembeni yake, akamuona anafuta jicho kwa nyuma ya mkono. Alifurahi kwa ajili yake. Alidhani ni jambo la jioni moja.

Kesho yake Florentin alinunua mega za intaneti, na keshokutwa pia. Alianza kukaa mbele ya kibanda cha kuchajia simu, kwa sababu betri ilikuwa haimtoshi. Vijana walimzunguka kumtazama akijenga madaraja, mikokoteni na mitambo ya kurusha mpira, na kila mpira ulipoingia walimpigia makofi: Ingénieur, Ingénieur. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nanyi mlimsifu mgema kwa sauti zote. Mlango wa jiko uliotoka bawaba ukabaki umeegemezwa ukutani. Mtu alikuja na kinga yake, baiskeli iliyovunjika, akaiacha, akarudi kuichukua vilevile ilivyokuwa. Clémentine akaanza kuuonea wivu ule mpira mwekundu kama mke mwenza. Alimuambia Germaine hivyo, wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha Clémentine kilikatika mapema.

Katikati ya msimu mti wa juu wa presi ukapasuka. Ufa ulikuwa mwembamba, wa kuingiza ukucha. Clémentine alimfuata mumewe kibandani.

"Baba Elodie, muti wa juu umepasuka."

"Nimeona."

Hakuwa ameona. Hakuwa hata ameinua uso. Clémentine akarudi, akazungushia waya kwenye ufa, akakaza kwa koleo, kazi ikaendelea. Baada ya siku chache waya ukaanza kuingia ndani ya mti. Akamuambia tena, safari hii nyumbani, wakati wa kula. Florentin alijibu kuwa amefika pagumu, mashini aliyonayo haijakubali, akimaliza hiyo atashughulikia presi. Akala kwa mkono mmoja, simu ikiwa kwenye wa pili. Wanawake nao wana macho. Mmoja akasema ngazi zake bado hazijaiva, mwingine akasema atakamulia kwa shangazi yake huko Kasuku, na uwanja ukaanza kupoa. Aliyebaki kuja kila mara ni Germaine, na mtoto wake Bienfait, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akishika kikwembe cha mama yake.

Halafu mti wa juu ukagawanyika kabisa. Ulilia kwanza, wanawake wakaruka, hakuna aliyeguswa. Mungu alikuwa ametoa onyo kwa sauti, jamani, nani alilisikia? Clémentine alikwenda kibandani na mikono yenye mafuta, mbele ya vijana wote, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alimkaripia mumewe hadharani.

"Baba Elodie, hii mashini uliitengeneza watu wakiwa wanakufa. Leo hakuna mutu anatupiga risasi. Ju ya nini unashindwa?"

Vijana walitazama chini. Florentin aliinua uso, na Clémentine akaona amemchoma mahali pabaya, akajuta kidogo. Kisha mumewe akamsogezea simu.

"Ile ya zamani ilikuwa ya mutu hajasoma," akasema. "Niko natengeneza ingine. Angalia hii."

Kwenye kioo kulikuwa na gogo refu. Ncha moja ilifungwa kwenye nguzo, ncha ya pili ilining'iniza mzigo. Kamba ilipita juu ya kapi ikalinyanyua gogo, kisha ikalegea, gogo likashuka na uzito wake wote juu ya mpira, mpira ukaruka ukaingia sandukuni. Hakuna kuzunguka na mpini, akaeleza, hakuna mwanamke kuumwa mgongo. Unaweka ngazi chini, unalegeza kamba, mzigo unafanya kazi. Akabonyeza tena ili aone vizuri. Mpira ukaingia tena.

Na kweli alirudi nyumbani kujenga. Clémentine alipomuona amevua shati, ana shoka mkononi na jasho mgongoni, moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Alimpikia kuku. Aliwakataza watoto wasimsumbue. Sauti ya nyundo iliingia masikioni mwake kama wimbo wa harusi yake, na hakutaka ikome.

Lakini tazameni alivyojenga. Kijana wa wakati wa vita alikuwa anazunguka kutwa nzima kutafuta mti mmoja mgumu. Mtu mzima huyu alikata mti mwepesi ulioota kando ya njia, akausimamisha mbichi, maji yakiutoka, kwa sababu ndani ya simu mbao zote ni mbao moja. Kapi aliitundika kwa ekseli ya baiskeli, kwa sababu ndani ya simu kipini hakipindi. Pipa la kuning'iniza kwenye ncha ya gogo alilijaza mchanga bila kuuliza uzito wake. Hakugonga nguzo, hakutega sikio. Mara moja aliacha kazi, akatoa simu, akatazama, akairudisha mfukoni, akaendelea.

Alimaliza asubuhi, kabla jua halijawa kali. Habari ikatembea upesi, na wale wanawake waliokuwa wamekimbia wakarudi. Vijana wa kibandani wakaja pia. Ngazi za Clémentine na za Germaine zilikuwa zimekwisha chemka, na mnajua ngazi zilizochemka hazingoji, zikipoa mafuta yanagoma. Watu walisifu urefu wa gogo. Walisifu kapi. Ingénieur amerudi, wakasema, na Florentin alisimama akiwa ameshika kamba na uso wake uking'aa kama siku ile ya vita presi yake ilipoamka nzima.

Clémentine alitazama gogo lile, na neno likamjia mdomoni. Haijalala. Alikuwa mke wa fundi na mkwe wa mchonga mitumbwi, neno hilo alilijua kuliko jina lake. Alifungua mdomo. Akamtazama mumewe. Akawaza, nikimuambia mbele ya hawa watu kwamba tungoje mpaka kesho, ataona ninamdharau tena kama juzi, atakasirika, atarudi kwenye kibanda chake, na sitampata tena. Akawaza ngazi zinapoa. Akawaza labda mashini ya namna hii haihitaji kulazwa. Neno akalimeza. Ndugu zangu, mwanamke huyu hakuwa mjinga wala mbaya. Alikuwa amemkosa mumewe muda mrefu, na sasa alikuwa amesimama mbele yake.

Akaenda kwenye ua akamuita Germaine aje na ngazi zake, awe wa kwanza. Germaine alikuja na beseni kichwani, Bienfait nyuma yake. Alipofika alisimama, akatazama juu, akatazama chini, na hakumchokoza shemeji yake kama siku zote. Alimgeukia yaya wake, dada yake mkubwa, akauliza kwa sauti ya chini.

"Yaya, ilishalala?"

Clémentine akamjibu: "Baba Elodie anajua kazi yake."

Germaine alimuamini. Angefanyaje asimuamini? Mgongo wa mwanamke yule ndio uliomtoa msituni. Akamuachia Elodie mtoto, Florentin na vijana wakavuta kamba, gogo likapanda, kamba ikafungwa kwenye kigingi. Germaine akaweka beseni chini, akainama, akaanza kupanga ngazi za moto ndani ya pipa jingine, lililotobolewa, chini ya gogo. Watu walikuwa wanapiga makofi. Ekseli ikapinda, kapi ikachomoka, na gogo likashuka na pipa lake la mchanga.

Sitaeleza nilichoambiwa na waliokuwepo. Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, kuelekea hospitali, Clémentine akikimbia nyuma bila viatu. Germaine alikata roho njiani. Clémentine alipowafikia walikuwa wamesimamisha pikipiki kando ya barabara, na dereva alikuwa amevua kofia.

Hapo mtaa, mtaa huu huu, ukafanya kazi yake inayoijua. Wale waliopiga makofi ndio waliokuwa wa kwanza kunong'ona kwamba kifo kile si bure, kuna mkono wa mtu, kuna mchawi aliyeonea wivu presi. Mchawi gani? Ekseli ya baiskeli ilipewa mzigo wa wanaume kumi, ikapinda. Mti mbichi uliambiwa ushike, haukuweza. Lakini mchawi ni rahisi, mchawi hatuulizi sisi tulikuwa tumesimama wapi. Bikizee mmoja mjane aliacha kutoka nje kwa sababu ya maneno yale, na hajazoea kutoka mpaka leo.

Sumaili alikuwa Kibombo kufuata mchele. Habari ilimkuta njiani, akaendesha baiskeli yake na mzigo wake bila kupumzika, akafika matanga yakiwa yamekwisha anza. Aliiegemeza baiskeli kwenye ua, akaingia, akakaa na wanaume. Hakupiga kelele, hakumgusa Florentin. Walipokwisha kuzika ndipo alipokuja upande wa wanawake, akachuchumaa mbele ya Clémentine, na wanawake wakasogea kuwapisha.

"Shemeji, wananiambia Germaine alikuuliza kama presi ilishalala. Njo kweli?"

"Njo kweli."

"Ukamujibu nini?"

Clémentine angeweza kusema hakumbuki. Alimwambia neno kwa neno. Sumaili alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeelekezwa njia. Kisha akasema mtoto ataenda naye Kibombo, atakaa kwa bibi yake mzaa baba. Clémentine alikuwa amekwisha kumbeba Bienfait mgongoni tangu siku ya msiba, alikuwa amepanga moyoni kumlea kama alivyomlea Germaine, na hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kinamfanya anyanyuke asubuhi. Alifungua kikwembe, akamtoa mtoto akiwa amelala, akamkabidhi. 

Siku ya kuondoa matanga, watu walipokwisha kula na kunawa, Clémentine alimtafuta mumewe. Hakuwa na wanaume, hakuwa chumbani. Alimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye lile gogo, na simu mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amekonda. Alipomuona mkewe alimsogezea simu kama alivyofanya kibandani.

"Mama Elodie, angalia. Nimeijenga ileile. Nguzo ileile, kapi ileile, mzigo ni uleule. Haianguki. Nimejaribu, nimejaribu, haianguki."

Akabonyeza. Gogo likapanda. Kamba ikalegea, gogo likashuka, mpira mwekundu ukaruka ukaingia sandukuni. Nyota zikawaka. BRAVO, INGÉNIEUR.

"Germaine iko wapi hapo?" Clémentine akauliza.

Florentin hakuelewa.

"Muweke Germaine. Muweke pale chini, ameinama na ngazi zake. Halafu bonyeza."

"Hakuna watu humu," Florentin akasema. "Hawaweki watu."

Clémentine alitazama kioo kile, zile nyota, ule mpira ndani ya sanduku.

"Mimi njo nilimuweka," akasema.

Alingoja mumewe amtazame. Florentin alikuwa amekwisha bonyeza tena.

FUNDISHO

Msiniambie simu ndiyo iliyoua. Elodie alicheza mchezo uleule, akajifunza, akaufunga. Kilichoua ni mtu kuchukua mahali ambapo kuanguka hakuumizi, akapafanya shule yake yote, akasahau shule iliyomuachia makovu. Pale unabonyeza, na kila kitu kinasimama tena. Huku kwetu mtu akianguka chini ya gogo hatuna pa kubonyeza. Baba uliye na kazi ya mikono, cheza ukimaliza kazi. Usicheze mpaka ukadhani kucheza ndiko kufanya.

Na sisi mtaa, tunagawa majina kama karanga. Huyu Ingénieur, yule Docteur, yule Président. Tunampa mtu jina kubwa, halafu tunaogopa kumuuliza swali dogo. Siku ile uwanja ulijaa watu wazima waliojua desturi ya kulaza chombo, na kila mmoja alingoja mwingine aseme. Mtu unayempenda, muulize. Akikasirika, akasirike. Hasira ya mume huisha, na kaburi la Germaine liko palepale.

Clémentine bado yuko Mikelenge. Hakamui tena, ananunua mafuta sokoni kama wengine. Ukimsalimu atakuitikia vizuri. Sikumtaja ili mumnyooshee kidole. Nimemtaja kwa sababu jibu lake lile, kila mmoja wetu amewahi kulitoa. Basi nendeni nyumbani. Mwenye mtumbwi mpya, mwenye paa jipya, mwenye daraja la magogo aliyoyafunga jana, akilaze chombo chake kabla hajaita mtu. Na akija mtu akakuuliza kama kimelala, mjibu ndiyo au hapana. Usimjibu kwa jina la fundi.